Gurudumu la Tatu Lilikuwa Zima

Jumapili. Mawingu yametanda juu ya Kibaha tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Nimerudi kutoka Kurui jioni hii, vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi, na badala ya kwenda kuoga nimekaa kibarazani na kompyuta magotini. Nikioga nitalala. Nikilala sitaandika, na nisipoandika leo najifahamu, nitaanza kulipamba jambo hili kidogo kidogo mpaka linipendeze.

Kwa hiyo naliandika likiwa bado baya.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa ndege. Ninaishi hapa Kibaha, nyuma kidogo ya Kwa Mathias, na kazi yangu iko uwanjani Dar. Ndege ikitua naipokea, naizunguka, naikagua, na ikiwa sawa natia saini ndipo inaondoka. Bila saini ya fundi ndege haiendi popote, hata kama rubani ameshakaa na abiria wamefunga mikanda.

Kwa ndugu zangu maana ya kazi hiyo ni kwamba ndege ni zangu. Wananipigia kuuliza kwa nini tiketi zimepanda, kama nitampitisha mtu na ndoo ya samaki, kama chakula cha ndani ni cha bure. Mmoja aliwahi kuniomba nimwambie rubani amsubiri kidogo kwa sababu yeye yuko kwenye foleni Kimara. Nimezoea. Nawajibu kwa utani na maisha yanaendelea.

Wiki mbili zilizopita utani uliniishia.

Sisi ni Wasukuma. Baba yangu alishuka Pwani na ng'ombe wake nikiwa mdogo, akatafuta malisho huku na kule mpaka akatulia Kurui, Kisarawe. Mpaka leo yuko huko na mama na ng'ombe, amezoeana na majirani zake Wazaramo kiasi kwamba sasa anakula muhogo bila kunung'unika. Lakini moyo wake haukuhama wote. Dada yake mkubwa, Shangazi Nyanzala, alibaki kijijini kule mbele ya Misungwi, Mwanza. Bibi alikufa Baba akiwa bado ananyonya, na Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfundisha hata kukamua. Katika watoto wote wa babu walikuwa wamebaki wao wawili tu.

Shangazi alifariki katikati ya wiki. Mazishi yakapangwa Jumamosi mchana.

Baba alitaka kupanda basi. Mabasi ya Mwanza yanapita hapa kwetu asubuhi na mapema, na mpango wake ulikuwa aje alale kwangu Alhamisi, Ijumaa apande, afike usiku, alale kwa ndugu, Jumamosi azike dada yake. Mpango mzuri kabisa, wa mtu aliyesafirisha ng'ombe maisha yake yote na anajua kwamba ukiwa na jambo unatangulia.

Mimi ndiye niliyeukataa. Nilimwambia miguu yake itavimba kwa kukaa kutwa nzima. Nikamwambia ndege ni saa moja na nusu tu, Jumamosi asubuhi nipo zamu, nitampandisha mwenyewe, na binamu yangu Masanja, mtoto wa Shangazi, atampokea Mwanza na gari. Atafika kijijini hata jua halijakolea.

Nimejiuliza sana kwa nini nilishikilia vile. Miguu, ndiyo. Lakini pia nilitaka Baba anione kazini. Miaka yote hii anajua tu kwamba mwanawe wa kike anatengeneza ndege, kama mtu anavyojua kwamba mwezi uko mbali. Nilitaka anione nimevaa fulana yangu ya kung'aa, nimesimama chini ya bawa.

Aliniona, kweli.

Jumamosi ile alikuja na koti lake jeusi la misiba na fimbo yake ya kuchungia. Walinzi wa mlangoni wakaikataa fimbo. Baba akawaeleza kwa upole kwamba yeye hajawahi kumpiga mtu nayo. Nikaichukua, nikaiweka kwenye kabati langu, nikamsindikiza hadi pale ninaporuhusiwa, nikarudi kazini. Ndege yake ilikuwa ndiyo kwanza imerudi kutoka safari ya alfajiri. Nikaikagua, ikawa sawa, nikasaini. Nikasimama pembeni kuitazama ikijivuta kuelekea njia ya kurukia, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa natabasamu peke yangu.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Ndege ikiwa chini inasukumwa na injini zilezile za kurukia. Hata zikizungushwa polepole, nguvu yake inaipeleka mbele, kwa hiyo rubani hukanyaga breki na kuachia, hukanyaga na kuachia. Asubuhi ile kulikuwa na ndege nyingine mbele zinazosubiri zamu. Ikawa mwendo wa hatua chache, simama, hatua chache, simama. Breki zilikuwa bado na moto wa kutua, na sasa zinaongezewa mwingine. Na breki ukiziachia hazipoi hapo hapo. Joto linaendelea kupanda taratibu kutoka kwenye breki kuingia kwenye ringi, na kutoka kwenye ringi kuingia kwenye upepo wa tairi, kama jiko la mkaa linavyozidi kuunguza sufuria wakati wewe umeshaacha kupuliza.

Waliotengeneza ndege waliliwazia hilo. Kwenye ringi kuna vizibo vidogo vyenye madini laini katikati. Joto likipita kiwango, madini yale yanayeyuka na tairi linatoa upepo lenyewe. Watu wakisikia matairi ya ndege yameishiwa upepo wanadhani ni ajali. Ni kinyume chake. Tairi limejitoa upepo ili lisipasuke, maana tairi la ndege likipasuka ni bomu, linarusha vipande vya chuma ubavuni na kuua.

Ndicho kilichotokea. Ndege ikasimama katikati ya njia, ikainama kidogo upande wa kushoto. Magurudumu mawili ya upande ule yalikuwa yamekaa chini kabisa.

Tulikwenda na gari la zimamoto. Magurudumu ya moto hayafuatwi kwa ubavuni, yanafuatwa kwa mbele au kwa nyuma, na hayamwagiwi maji. Nilikuwa nimesimama mbali, mbele ya bawa, nawapungia mkono madereva wa mabasi yaliyokuja kuchukua abiria wasipite ubavuni, wazunguke. Nikainua macho.

Baba alikuwa dirishani. Aliniona nikipunga, akadhani namuaga.

Akanipungia na yeye. Kwa furaha kabisa, mkono wote, kama mtoto. Sikuweza kumjibu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi, lakini nilipunga hivyo hivyo, na pengine akaona nimemjibu.

Abiria wakashushwa kwa ngazi ya mbele, wakarudishwa ukumbini. Baba aliniambia baadaye kwamba ndani hawakusikia mlio wowote, ila waliona ndege imechechemea kama ng'ombe aliyekanyaga mwiba. Ni maelezo bora kuliko yale niliyoandika kwenye ripoti.

Tukangoja breki zipoe, ndege ikavutwa pembeni, ikanyanyuliwa kwa jeki, nikaingia chini. Ndege ya aina ile ina magurudumu manne makubwa chini ya mabawa, mawili kila upande. Yale mawili ya kushoto hayakuwa na mjadala, yanatoka. Stoo tulikuwa na magurudumu mawili ya akiba. Mawili yanatoka, mawili yanaingia, breki zinakaguliwa, na kabla ya adhuhuri ndege ingekuwa angani. Baba angefika amechelewa, lakini angefika. Masanja alikuwa ameshaniambia kwamba watasogeza ibada mpaka alasiri.

Kisha nikahamia kulia. La nje lilikuwa safi. La ndani, karibu na kitovu, rangi ya ringi ilikuwa imebadilika. Doa la kahawia, ukubwa wa kiganja.

Kitabu chetu cha matengenezo hakina maneno mengi hapo. Rangi ikiwa imebadilika kwa joto, gurudumu linatoka. Ikiwa ni vumbi la breki au grisi, unafuta unaendelea na kazi. Nikachukua kitambaa na dawa ya kusafishia, nikafuta.

Nusu ikatoka, nusu ikabaki.

Nikafuta tena. Ikabaki vilevile. Tairi lilikuwa na upepo wake kamili, vizibo vyote vipo. Nikamwita Bwana Mushi, kiongozi wetu wa zamu, mtu mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akalala chali na tochi, akaangalia muda mrefu.

"Mimi naona grisi ya zamani imeungua," akasema. "Ila saini ni yako."

Nikamwambia kwamba Baba yangu yuko kwenye safari hiyo, anawahi kuzika. Halafu akasema jambo ambalo hakulazimika kulisema. "Unataka nilichukue mimi? Wewe kaa pembeni, mimi nitaamua na kusaini."

Nilijua angeamua nini. Alikuwa ameshaniambia anaona grisi. Ningesema ndiyo, ningeondoka pale mikono safi na kwa heshima zangu zote, na Baba angepanda ndege. Hakuna ambaye angenilaumu, na kwa utaratibu wetu hakuna kosa.

Nikasema hapana, bosi, ninalimaliza mwenyewe. Na nikaandika gurudumu litoke.

La tatu. Stoo yapo mawili tu.

La tatu lingekuja kesho yake asubuhi na ndege nyingine kutoka kituo chetu cha pili. Abiria wakatangaziwa. Waliobahatika wakapata nafasi za jioni kwenye mashirika mengine, Baba akapewa ya Jumapili alfajiri. Jioni isingemsaidia chochote, kwa hiyo hakugombea.

Simu ya Masanja ikaingia nikiwa bado na mafuta mikononi. Nayaandika mazungumzo yale kama yalivyokuwa, kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka yamekuwa kama wimbo mbaya.

"Dada Kabula, hiyo ndege ina matairi mangapi?"

"Makubwa manne. Na mawili ya mbele."

"Mabovu mangapi?"

"Mawili yameishiwa upepo. La tatu nina wasiwasi nalo."

"Hilo la tatu limepasuka?"

"Hapana."

"Lina upepo?"

"Lina."

"Sasa?"

Nikamweleza doa. Sidhani kama kuna mtu amewahi kueleza doa kwa mtu aliyesimama kando ya jeneza la mama yake akaeleweka. Nyuma yake nilisikia kwaya. Akasema kaburi limeshachimbwa, na mimi najua kama yeye anavyojua, kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Vijana wakimaliza kuchimba, jua halizami kabla mtu hajaingia humo. Wangeweza kusogeza saa, wasingeweza kusogeza siku.

"Mjomba ndiye amebaki peke yake," akasema. "Sasa nani atatupa udongo wa kwanza upande wa mama? Dada, nakuomba. Mimi nazika mama."

Nikasema siwezi, Masanja. Akasema neno ambalo lilikuwa la haki: "Basi wakishalifungua hilo tairi, utuambie lilikuwa na nini. Angalau tujue."

Nikaahidi.

Shangazi alizikwa alasiri ile. Baba alikaa kwangu, kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, na koti lake la misiba hakulivua. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama moto wa breki unaweza kuingia ndani kwenye watu. Jumapili akasafiri, akapokelewa. Walikuwa wamemwekea karai la udongo kando ya kaburi, akaumimina juu kwa mikono yake, akakaa matanga, akarudi kwa basi. Hilo la basi alilichagua mwenyewe na mimi nilifunga mdomo.

Ningependa hadithi iishie hapo. Fundi ameona hatari, ndege imesimamishwa, familia imeumia lakini imeelewa. Na kusema kweli ndivyo Baba alivyoanza kuisimulia. Mama alinipigia akaniambia kwamba kila anayekuja Kurui kutoa pole anaambiwa kuhusu gurudumu la tatu. Ndege nzima, Baba anasema, watu wote wale na watoto wao, wangelipuka. Mwanangu akalala chini yake, akaona kile ambacho bosi wake hakukiona. Sikumzika dada yangu, lakini Mungu alikuwa na maana yake. Jirani yao Mzee Mwinyimvua, ambaye zamani aligombana na Baba kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye muhogo wake, alisikia hadithi hiyo akaleta muhogo gunia zima kwa ajili ya wafiwa. Mama alisema Baba ameanza kula vizuri.

Juzi Ijumaa nikapata ujumbe kutoka karakana ya magurudumu.

Gurudumu lilikuwa zima. Walilivua tairi, wakaosha ringi kwa dawa yao, doa lote likatoka. Wakapima ugumu wa chuma, ukawa sawa. Vizibo havikuguswa na joto. Grisi ya zamani, wameandika, imeungua. Maneno yale yale ya Bwana Mushi.

Nilisoma ujumbe ule nimesimama kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni.

Kwa kazi yangu hakuna tatizo. Hakuna aliyeniuliza. Fundi anayetoa gurudumu zima kwa wasiwasi halaumiwi. Anayeacha bovu ndiye anayekwenda kujieleza. Bwana Mushi aliupata ujumbe huo huo na alichofanya ni kuninunulia soda. Kwa mtu kama yeye ile ilikuwa hotuba.

Lakini mimi nimebaki na swali ambalo halimo kwenye kitabu cha matengenezo, na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kwa sababu ndiyo maana ya kuandika.

Kama Baba asingekuwemo kwenye ile ndege, ningelitoa?

Nimeona madoa mengi. Nimefuta mengi. Yapo ambayo nusu imetoka, nusu imebaki, nikaangalia vizibo, nikaangalia upepo, nikasaini na kwenda kunywa chai. Siku ile sikuweza. Nilipoliangalia doa lile nilimwona Baba dirishani. Na nilipomkatalia Bwana Mushi sikuwa nawaza usalama peke yake. Nilikuwa naogopa nisije nikawa fundi aliyepitisha gurudumu kwa sababu ya baba yake. Nikakaza upande wa pili. Inawezekana kabisa kwamba abiria wengine wote wangeondoka mchana ule kama mmoja wao asingekuwa mzazi wangu. Inawezekana Baba alikosa kumzika dada yake kwa sababu tu ni Baba yangu.

Sijui. Sitajua.

Nilichokijua ni kwamba nimeahidi kusema. Jana Jumamosi nzima nilitafuta njia ya kutosema. Nilijiambia mzee ameanza kula, kwa nini umpokonye? Nilijiambia Masanja hajanipigia tangu siku ile, labda amesahau. Mtu hasahau kitu kama hicho.

Leo asubuhi nikawasha kigari changu, nikakata Kiluvya kwenda Kisarawe, kisha nikaishika barabara ya vumbi. Mikorosho imeanza kutoa maua. Fimbo ya Baba ilikuwa kiti cha nyuma, ikigonga mlango kila nilipopita shimo.

Nikamkuta zizini, anamwangalia ndama aliyezaliwa wiki hii. Shikamoo, Baba. Marahaba, mayu. Ananiita hivyo tangu utotoni, maana yake mama kwa Kisukuma. Akapokea fimbo yake, akaikagua kama mimi ninavyokagua ndege, akaridhika. Mama akaleta mtindi. Na kabla sijameza, Mzee Mwinyimvua akapita na Baba akamwita aje amwone yule fundi.

"Ndiye huyu," Baba akamwambia. "Huyu ndiye aliyeliona."

Mzee wa watu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie jicho, mwanangu." Nikasema amina. Ningefanya nini?

Alipoondoka tu nikajua kwamba nikichelewa tena kidogo nitakuwa nimeshakubali. Nikamwambia Baba nina neno. Tukakaa kwenye gogo la mlangoni mwa zizi. Nikamwambia gurudumu limefunguliwa, limeoshwa, limepimwa. Lilikuwa zima. Lisingewaua. Lingetua Mwanza salama na pengine lingetua mara nyingi baada ya hapo. Nikamwambia na jambo la pili pia, kwamba bosi alijitolea kusaini yeye na nikakataa.

Jambo la tatu, la kumwona dirishani na woga wangu, nilijaribu kumwambia, lakini nikaona maneno yanatoka kama najitetea. Nikaliacha.

Baba alitazama ng'ombe. Alikuwa anakuna kichwa cha fimbo kwa kidole gumba.

"Basi ningefika," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ungefika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nilimwona akizeeka pale pale, hadithi yake yote ya ndege nzima iliyookolewa ikimtoka, akabaki na kaburi lililofunikwa na karai la udongo.

Baadaye akaniuliza kama Masanja anajua. Nikasema bado. Akasema, "Mpigie. Umwambie wewe, mimi siwezi." Akaondoka kumfungua ndama.

Kurui mtandao unapatikana kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, na lazima usimame wima. Nikapanda. Masanja alipokea mara moja, akanisalimu vizuri, akauliza habari za Mjomba. Nikamwambia nampigia kuhusu lile gurudumu, kwamba niliahidi.

"Enhe."

"Lilikuwa zima, Masanja."

Nilidhani simu imekatika. Nikaitazama, bado inahesabu.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, ilikuwa imechoka tu. "Kwa nini hukunidanganya?"

Nikasema samahani. Akasema hamna shida, msalimie Mjomba, mwambie tumeshapanda maua pale. Akakata yeye.

Nilikaa kwenye kichuguu mpaka mama akaniita kula. Tulikula ugali, mlenda na nyama, watu watatu, na Baba akanisukumia nyama yake. Nilipoaga akanisindikiza hadi kwenye gari na kuniambia niendeshe polepole, akasimama pale mpaka vumbi likamfunika.

Sasa giza limeingia Kibaha, malori yanaunguruma kule barabarani, na kesho alfajiri naingia zamu. Kutakuwa na magurudumu na kutakuwa na madoa. Nimejiuliza njia nzima kutoka Kisarawe: doa lile lile, kitambaa kile kile, nusu imetoka, nusu imebaki, Baba yumo ndani, kaburi liko wazi. Ningefanyaje?

Ningelitoa tena.

Hilo sikumwambia Masanja.